Intakula ya Gari la Turbo: Tuchague kwa Joto, Tusichague kwa Sura



Katika mkutano uliopita wa tawi letu hapa Nakawa, jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuwa nyongeza ya mshahara wala malipo ya saa za ziada. Lilikuwa gari. Kijana mmoja wa idara ya upakiaji, ambaye wengi wenu mnamfahamu na kwa hiyo sitamtaja, alikopa shilingi milioni tatu katika chama chetu cha akiba na mikopo, akanunua intakula kubwa ya kufunga mbele kwa ajili ya Subaru yake ya turbo. Miezi miwili haikuisha, pistoni ikavunjika karibu na Lugazi, akiwa njiani kwenda mazikoni. Gari limelala. Mkopo haukulala. Sisi wadhamini watatu tunakatwa mshahara kila mwezi, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo msinione naandika haya kama mtazamaji.

Wajumbe kadhaa walitaka kamati ipige marufuku mikopo yote ya magari ya namna hiyo. Mmoja alisema mfanyakazi anayenunua turbo amesahau tabaka lake. Nilipinga siku ile na leo ninapinga kwa maandishi. Gari lile lilikuwa likiwabeba wenzake wanne wa zamu ya usiku kutoka Mukono, wakichangia petroli, saa ambazo taksi ni za kubahatisha. Na hata lingekuwa gari la kufurahia Jumapili tu, mshahara ni wake. Tunaishi katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais. Wa kutuambia kwamba hatustahili kitu tunao wa kutosha. Chama kisijiongeze katika foleni hiyo.

Kosa la kijana ni kununua bila kupima. Kosa letu wadhamini ni kutia sahihi bila kuuliza. Hayo mawili yanatibika.

Kwanza tukijue kifaa chenyewe. Jina lake ukilisema haraka linasikika kama "itakula", na kweli inakula pesa ya asiyeijua. Lakini ninyi mliofanya kazi na kompresa kubwa za kiwandani mmeishi nayo miaka mingi. Kompresa ya hatua mbili ina silinda kubwa inayokandamiza hewa mara ya kwanza, na silinda ndogo inayoikandamiza mara ya pili. Katikati yake kuna paipu zenye mapezi zinazopigwa na feni. Ukigusa paipu inapotoka silinda ya kwanza utaacha ngozi. Baada ya mapezi mkono unaweza kuvumilia. Hiyo ndiyo intakula. Hewa ikikandamizwa hupata joto, na hewa ya moto huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo ukiipoza unapata hewa nyingi zaidi katika nafasi ile ile.

Turbo ni kompresa inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ikichukua hewa ya digrii 30 na kuikandamiza mara mbili, hewa ile hutoka ikiwa na joto la digrii 120 hivi, na turbo iliyochoka huizidisha. Intakula nzima, gari likiwa linatembea, huirudisha kwenye 50 au 60. Injini ya petroli ikilishwa hewa ya moto, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, na injini hugonga ndani kama mtu anayepiga nyundo. Pistoni hazikutengenezwa kuvumilia nyundo. Subaru hizi tunazozipata zikiwa zimetumika Japani zilipangiwa petroli bora ya kwao, ambayo oktani yake haishuki chini ya 96. Usitegemee kila kituo cha huku kukupa daraja hilo. Tena Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane. Ili kufikia msukumo ule ule, turbo hapa hufanya kazi zaidi na huongeza joto zaidi. Kwa hiyo intakula siyo pambo. Swali ni ipi, na kwa barabara ipi.

Subaru nyingi za turbo, Impreza, Legacy na Forester, hutoka kiwandani na intakula ya juu, inayolala mgongoni mwa injini chini ya tundu la boneti. Vijana huidharau. Wanasema ni ndogo, na inakaa juu ya moto. Ni kweli inakaa juu ya moto. Ukisimama kwenye foleni ya Jinja Road, kuanzia taa za Nakawa hadi huko Kyambogo, upepo hauingii kwenye tundu na joto la injini hupanda moja kwa moja. Lakini tuulize: katika foleni hiyo unahitaji nguvu gani? Unatambaa nyuma ya taksi. Foleni ikifunguka, upepo unaingia, na intakula ile hupoa upesi kwa sababu ni nyepesi. Paipu zake ni fupi, kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari linaitika mara moja. Kwa anayekwenda Mukono na kurudi na abiria wanne, hicho ndicho anachokitaka.

Intakula ya mbele huwekwa nyuma ya bampa, mbele ya rejeta. Inapata upepo wa kwanza, na kwa anayeikimbiza injini kwa nguvu zote muda mrefu ndiyo bora, sibishi. Angalieni malori ya Fuso yanayobeba miwa au matoke: intakula iko mbele, kwa sababu lori linavuta mzigo mzito saa nzima bila kupumzika. Lakini lori lilichorwa hivyo tangu mwanzo. Subaru ya kijana wetu ilikatwa bampa, ikawekewa paipu ndefu zenye viungio vingi vya mpira, na lile pande la alumini likaziba nusu ya rejeta. Kila kiungio ni mahali pa kuvuja. Na katika Subaru hizi kuvuja kuna balaa lake: kompyuta huipima hewa kabla haijafika kwenye turbo, ikaandaa petroli ya hewa hiyo yote. Hewa ikitorokea njiani, petroli inabaki nyingi, moshi unakuwa mweusi, na tangi linakauka kabla ya mwisho wa wiki. Yeye alifikiri ni nguvu imeongezeka.

Kuna pia ya maji, ambayo hewa hupozwa na maji yanayozungushwa na pampu hadi kwenye rejeta yake ndogo. Legacy za turbo za mwaka 1989 zilikuwa nayo. Maji hubeba joto jingi, kwa hiyo huvumilia foleni kwa muda, lakini yakishapata moto huchelewa kupoa, na pampu ikifa hakuna atakayekuambia. Kwa mshahara wetu siishauri.

Tamaa ya intakula ya mbele naifahamu ilikotoka. Tuliona Colin McRae akishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Subaru Impreza, na Mganda mwenzetu Charles Muhangi akitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Hata mimi nilisimama kando ya barabara nikala vumbi. Lakini gari la mashindano lina mafundi wanaolingoja kila kituo na injini nyingine iko stoo. La kijana wetu lilingojwa na abiria wanne na wadhamini watatu.

Sasa nieleze kilichoua injini, maana baadhi yenu mnadhani ni intakula yenyewe. Fundi alipomaliza kuifunga alimwambia kwamba sasa hewa ni baridi, akaongeza msukumo wa turbo kwa kifaa kidogo cha kufungua kwa mkono. Kompyuta haikuguswa. Hewa ikaingia kuliko petroli iliyopangwa, rejeta iliyozibwa ikachemsha maji, injini ikaanza kugonga mlimani, naye redio ilikuwa juu. Huyo fundi simlaumu peke yake. Aliulizwa nguvu, akatoa nguvu. Hakuna aliyemuuliza joto.

Kabla ya kununua chochote, basi, tuipe haki intakula iliyopo. Fungua boneti uangalie ile mpira pana inayounganisha tundu na intakula. Katika magari mengi imepotea, upepo unapita pembeni, na mwenye gari analaumu ukubwa wa intakula. Angalia mapezi: yaliyolala yanyooshwe taratibu, matope yaoshwe kwa maji yasiyo na kasi. Angalia vichwa vya plastiki vya pembeni kama vina ufa. Kaza vibano vya mipira, na mipira iliyolegea kwa mafuta ibadilishwe. Ukikuta oili nyingi ndani ya intakula, mgonjwa ni turbo au injini, na intakula mpya haitamponya. Kazi yote hiyo ni ya nusu siku na bei yake ni sehemu ndogo sana ya milioni tatu.

Kisha upime. Chukua kipimajoto chenye nyaya mbili, ncha moja kwenye mlango wa kuingilia intakula, nyingine kwenye mlango wa kutokea. Siyo kipimo cha maabara lakini kinatosha kutofautisha mzima na mgonjwa. Pima ukiwa kwenye foleni, kisha baada ya dakika chache za mwendo wa kilomita 60 au 80. Ikiwa katika mwendo huo hewa inayotoka haizidi hewa ya nje kwa zaidi ya digrii 20, intakula yako inafanya kazi. Zitunze pesa zako. Na mjihadhari na mashine ya kusoma kompyuta. Katika Subaru nyingi za miaka ya 2000, namba ya joto la hewa inayoonyeshwa ni ya hewa kabla ya turbo. Fundi anaweza kukuonyesha digrii 35 kwa nia njema kabisa, na nyuma ya turbo moto unawaka.

Nimekutana na mwenye haki ya kununua kubwa: anayepandisha milima na mzigo kila siku, au anayeshindana kweli. Huyo anunue, lakini ahesabu pia paipu, bampa, feni ya rejeta, na kazi ya kurekebisha kompyuta. Intakula peke yake ni nusu ya gharama. Akiweza achukue kubwa zaidi ya juu, inayokaa mahali pa ile ya zamani, kabla ya kufikiria ya mbele. Na akichomesha paipu za alumini Katwe, aangalie kama kijana anayechomelea ana miwani ya kazi. Kama hana, anunue miwani kwanza. Macho yale nayo ni ya mfanyakazi.

Kwa kamati ya mikopo pendekezo langu ni hili. Ombi la kubadili kifaa cha injini lije na karatasi ya vipimo viwili vya joto, pamoja na sahihi ya fundi aliyesomea. Hatuko mbali nao: chuo cha ufundi cha hapa Nakawa kilianzishwa mwaka 1971 kwa ushirikiano na Japani, huko huko yanakotoka magari haya, na waliopita pale wamezoea kupima kabla ya kufungua nati. Wadhamini waione karatasi hiyo kabla ya kuweka sahihi zao. Mimi ningeiona, nisingekatwa mwezi huu.

Injini ya kijana tutaipata iliyotumika, na wale wanne wa Mukono wamekubali kuchangia kidogo kwa sababu wamechoka kutembea usiku. Itarudishwa intakula yake ya zamani. Ameikuta chini ya kitanda, mapezi yamelala upande mmoja tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya zamu ya asubuhi, tutakuwa nje ya ofisi ya tawi. Mhudumu wa kompresa amekubali kutuazima kipimajoto. Wenye turbo mje nayo, na msizime injini mkifika, tunataka kuzipima zikiwa zimetoka kwenye foleni.