Gari Nalo Linaoa?

Swali hilo niliulizwa na utingo mmoja pale stendi ya Lushoto, nami nimelifanya kichwa cha maneno yangu. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, kamera shingoni, nikingoja basi la asubuhi lijae abiria na kuanza kuteremka Mombo. Juu ya keria palikuwa na matenga ya nyanya, magunia ya kabichi, baiskeli moja na kuku wawili waliofungwa miguu. Nilipoinua kamera, kijana yule akawaita wenzake: "Njooni mumwone Mwalimu, anapiga picha gari! Shikamoo Mwalimu. Gari nalo linaoa?"

Nilicheka pamoja nao, maana utani si ugomvi. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Kwa maneno matatu kijana yule alikuwa amesema jambo ambalo wengi wetu tunaliamini bila kulifikiria: kwamba picha ni ya harusi, ya kipaimara, ya maulidi, ya mahafali, ya mgeni rasmi akikata utepe, na ya kitambulisho. Kitu cha kila siku hakistahili picha, na anayekipiga ama amepungukiwa na akili, ama ametumwa. Nami nasema, bila kumung'unya maneno, kwamba imani hiyo ni kosa, na ni kosa ambalo wajukuu wetu watatudai.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa zaidi ya miaka thelathini starehe yangu imekuwa hii. Wengine hucheza bao, wengine hufuga njiwa. Mimi hupiga picha treni, mabasi, malori, Land Rover za zamani zile tunazoziita mia na tisa zikipanda Mlalo na Mtae na watu wamening'inia nyuma, akina mama wakiteremka na mapeasi vichwani siku ya soko la Soni, fundi baiskeli chini ya mti wake. Zamani mkanda wa picha 36 tuliuhesabu kama mbegu, na kuusafisha ilibidi kuupeleka Tanga na kungoja. Mshahara wa mwalimu unafahamika, kwa hiyo mke wangu alikuwa na haki ya kuuliza maswali, na aliyauliza. Simlaumu. Ninaowalaumu ni wengine, nami nitawataja kwa makundi yao.

Kwanza nitoe ushahidi wangu. Reli inayopita chini ya milima yetu ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Babu zetu ndio waliochimba, waliobeba mataruma, waliokula vumbi. Leo ukitaka kuona sura ya nchi hii wakati ule, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, utaangalia picha za nani? Utaangalia za Mjerumani Walther Dobbertin, ambaye picha zake zimehifadhiwa katika hazina ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Simsemi vibaya mtu huyo. Bila yeye na wenzake tusingekuwa na kitu. Lakini mwenye kamera ndiye anayechagua asimame wapi, amgeuzie nani, na amwache nani nje ya picha. Dobbertin alichagua kwa macho yake, na macho yake yalikuwa ya mgeni aliyekuja na watawala. Babu yangu mzaa baba, kama yumo katika picha yoyote ya wakati ule, yumo bila jina.

Mtasema hayo yalikuwa ya ukoloni, hatukuwa na kamera. Haya, tuje karibu. Baada ya Uhuru tulikuwa na KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ambayo mabasi yake tuliyasubiri njiani hata nusu ya siku. Dar es Salaam palikuwa na basi la Ikarus, lile refu lenye kiungo katikati kama kodiani, ambalo watu waliliita kumbakumba kwa sababu lilikumba kila aliyekuwa kituoni. Mwambieni mtoto wa leo habari za kumbakumba, atadhani mnamtungia hadithi. Mwambieni atafute picha yake. Ataitafuta sana. Lile lilikuwa basi letu, tukalipanda kwa miaka, tukalipa jina sisi wenyewe, na tuliokuwa na kamera wakati huo tulikuwa tumesimama mlangoni pa ukumbi tukimngoja bibi harusi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi daftari tulikuwa nalo mkononi.

Sasa nije kwa kundi la kwanza, wale wa usalama. Mwaka 1991 nilikuwa katika stesheni moja ya reli, ambayo sitaitaja, nikipiga picha treni ya abiria ikiingia. Nilikuwa nimepata picha mbili tu. Akaja mtu, akaniuliza nani amenituma. Nilimjibu kwamba sikutumwa, napenda treni. Jibu hilo lilimkasirisha kuliko kama ningesema nimetumwa. Alichukua kamera, akafungua mgongo wake juani, akauvuta mkanda wote nje mpaka ukalala miguuni kwake kama utumbo wa mbuzi, kisha akanirudishia kamera kwa heshima, akasema, "Nenda salama, Mwalimu."

Sitaki kuwa mjinga wa historia. Hofu ile ilikuwa na asili yake. Tulikuwa nchi ya mstari wa mbele. Oktoba 1979 askari wa Rhodesia walilipua daraja la reli ya TAZARA juu ya mto Chambeshi, kule Zambia, na nchi nzima ilijua kwamba reli ni shabaha. Sheria ya Maeneo Yanayolindwa ya mwaka 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 zilitungwa katika hali hiyo. Kambi ya jeshi ni kambi ya jeshi, nami sijawahi kuielekezea kamera. Lakini waliolipua daraja la Chambeshi hawakungoja picha ya mwalimu wa Lushoto. Vita vile vimekwisha. Siku hizi setilaiti inaiona stesheni ile kutoka juu, na inahesabu mabehewa yake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Aliyebaki kuzuiliwa ni mwananchi peke yake, tena mwananchi anayeipenda ile reli.

Na msifikiri hasara ni ya treni tu. Katika mkanda ule ule, siku tatu kabla, nilikuwa nimempiga picha kaka yangu mkubwa. Alikuwa dereva wa lori la Bedford, akichukua mboga kutoka Soni kwenda Dar es Salaam. Nilimkuta alfajiri, ameegemea bampa, tambara begani, kikombe cha chai mkononi, akimcheka taniboi wake aliyeshindwa kufunga turubai. Hakujua kama nampiga. Mwaka 1995 alifariki. Picha yake tuliyonayo ni moja, ile ndogo ya leseni, amekaza uso kama mtu anayesomewa mashtaka. Wajukuu zake wakiniuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani, nawaonyesha hiyo, nao wanamwogopa. Kaka yangu hakuwa mtu wa kuogopwa hata siku moja. Yule bwana wa stesheni alidhani analinda treni.

Ngoja niwape mfano wa upande wa pili. Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikulia Dar es Salaam, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kamera yake ya kwanza, kisanduku kilichokwisha kutumika, aliipata akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Huyo ndiye ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakatoa kitabu kizima kuhusu reli ya kwao, Railway Across the Equator. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa. Mimi najiuliza: tumewapokonya kamera akina Amin wangapi, au tumewacheka mpaka wakaziweka wenyewe?

Kundi la pili nawaheshimu zaidi. Hawa ndio wasemao, "Unatupiga picha ukatuuze." Kuna mama mmoja sokoni Lushoto aliniambia hivyo, akajifunika uso kwa kanga. Nilikasirika, nikitaka kumwambia mimi si mtalii. Baadaye nilitulia. Mama yule ameona magari ya wageni yakisimama, vioo vikishushwa, picha zikipigwa, vioo vikipandishwa, na magari yakienda zake Irente. Uso wake umesafiri dunia nzima na yeye hajawahi kuuona. Atamwaminije mwenye kamera? Katiba yetu, katika ibara ya 16, inamlinda mtu na faragha yake, na mimi sioni kwamba kupenda kwangu picha kunaifuta haki hiyo. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: mtu akisema hapana, ni hapana, akikubali, picha lazima imrudie mkononi. Wiki ya pili nilimpelekea mama yule picha ya genge lake tu, mapeasi yamepangwa mafungu mafungu, bila uso wake. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa mwalimu, genge bila mwenyewe ni genge gani?" Akaweka kanga vizuri, akasimama wima.

Basi, wenye shaka wana haki. Lakini dawa ya kuibiwa si kukaa bila mali. Kama tunaona wageni wametupiga vibaya, jibu ni kujipiga wenyewe vizuri.

Kundi la tatu ni la vijana, nao ndio watakaosema nimechelewa: "Mzee, siku hizi kila mtu ana kamera katika simu." Kweli. Desemba 2019, treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iliporudi baada ya miaka mingi ya reli kumea majani, nilishuka Mombo kwenda kuitazama. Simu ziliinuliwa nyingi kuliko mikono ya kura. Nikafurahi, mpaka nilipochungulia wanachopiga. Kila mmoja alikuwa ameipa treni mgongo na kujipiga yeye. Kichwa cha treni kilionekana nyuma ya sikio. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro na Dodoma, ikawa vivyo hivyo. Sikatai mtu kujipenda. Ila naona kitu kipya hupigwa picha siku ya kuzinduliwa, na kile cha zamani, kilichotubeba miaka yote, hufa bila hata mtu mmoja kukiaga.

Tena nawauliza vijana: picha zenu za mwaka wa juzi ziko wapi? Simu iliibwa. Simu ilianguka majini. Simu ilijaa, ukafuta. Mimi nina masanduku matatu ya picha za karatasi, na nyuma ya kila moja nimeandika kwa kalamu mahali, tarehe, na jina la kila mtu ninayemjua. Sanduku moja limeliwa na unyevu wa milima hii, sina haja ya kuficha. Lakini mawili yapo, na mtu yeyote aliyepanda basi la Mlalo zamani anaweza kuja kunywa chai na kujitafuta humo. Wanakuja. Mmoja alimkuta mama yake amekaa dirishani, kijana, amempakata mtoto. Mtoto ni yeye.

Sitaki hifadhi kubwa, wala sitaki serikali iunde kamati. Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971, jambo jema, lakini makumbusho huhifadhi vichwa vya treni. Hayahifadhi kuku juu ya keria, wala utingo akining'inia mlangoni akipiga bati tupite. Hayo ni juu yetu.

Ninachotaka ni kidogo. Wewe mwenye sare, ukimwona mtu anapiga picha treni, muulize jina lake kabla hujamuuliza aliyemtuma. Wewe mpiga picha wa harusi, ukimaliza na bwana na bibi, piga na lori lililoleta sufuria na yule anayeliendesha. Wewe kijana, geuza simu yako upande wa pili, kisha safisha picha hiyo, uandike nyuma yake.

Na wewe utingo wa stendi ya Lushoto, ambaye sasa nasikia una basi lako mwenyewe: gari halioi, mwanangu. Lakini picha ile ninayo. Umesimama mlangoni, unacheka, una meno yote. Njoo uichukue.