Tuchague taa kwa ngozi zetu, si kwa wati

Kila boom ikiingia, huku Kinyerezi nawaona wanachuo wanashuka kwenye daladala na boksi refu kwapani: taa ya duara na stendi yake. Wiki haiishi, geto limeshageuka studio, picha za mahafali zinapigwa humo. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe kamera inanilisha. Ugomvi wangu ni zile picha. Mtu anaingia mweusi wa kupendeza, anatoka wa kijivu, paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Halafu mpiga picha anampausha tena kwenye simu, eti "nimekutoa vizuri". Na picha hiyo ndiyo mama yake ataitundika sebuleni miaka yote.

Mambo yanaharibikia dukani. Tukifika Kariakoo swali ni moja tu: wati ngapi? Wati inakwambia taa inakula umeme kiasi gani, basi. Uulize namba nyingine, CRI, inayopima taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia. Mwisho wake ni 100. Taa nyingi za bei poa zinapwaya kwenye rangi nyekundu, na weusi wetu una wekundu mwingi ndani yake. Ukikosekana ndiyo unapata ule ujivujivu. Mimi sishuki chini ya 95.

La pili ni ukubwa wa taa, yaani upana wake, siyo ukali. Ngozi nyeusi inaakisi mwanga kama kioo. Taa ndogo kali inaacha doa jeupe puani. Taa pana iliyosogezwa karibu inatandaza mng'ao laini, mashavu na taya vinaonekana. Ndiyo maana softiboksi ya sentimita 90, umbali wa mita moja, ikiwekwa pembeni kidogo, naipenda kuliko taa ya duara inayomtazama mtu usoni. Kama hela imeishia kwenye duara, tundika shuka jeupe katikati, au ielekeze ukutani. Ila ukuta uwe mweupe! Mageto yetu yamepakwa kijani na pinki, na rangi hiyo yote inahamia usoni kwa mteja.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo, sisi tukatoka vivuli. Leo kipimo tunakishika wenyewe mkononi, halafu tunampausha mtu kwa hiari yetu?

Kwa video kuna la ziada. Umeme wa gridi, ukiwemo huu wa mitambo ya gesi ya hapahapa Kinyerezi, unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa rahisi inapepesa mara 100 bila jicho kuona. Kamera inaona. Ile mistari inayopanda na kushuka kwenye video zenu siyo ubovu wa simu. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100 na mara nyingi itakata. Taa nzuri haipepesi kabisa, na ikiwa na sehemu ya betri, umeme ukikatika kazi inaendelea.

Asiye na hela ya taa atumie dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja. Sisemi kwa kumfariji, mwanga ule una rangi zote. Jua la saa sita mchana lenyewe akae nalo mbali, linachimba mashimo machoni.

Mwenye hela aende dukani na rafiki yake mweusi kuliko wote, na kipande cha khanga nyekundu. Taa iwashwe, simu izimwe vichujio vyote, apige picha uso na khanga pamoja, kisha watoke nje walinganishe. Muuzaji akikataa kuiwasha, maduka Kariakoo ni mengi.