Ubia wa Mbwa, Hasara ya Mmoja

Umezuka mtindo wa kuuza mbwa bila kumuuza. Mfugaji humkabidhi mnunuzi mtoto jike wa mbegu ya kigeni kwa bei nafuu, kisha hubaki mmiliki mwenza: mbwa atapandwa na dume amtakaye mfugaji, na watoto bora wa uzao wa kwanza, pengine hata wa pili, watakuwa wake. Ng'ambo jambo hili limezoeleka. Hapa Raskazone, penye nyumba za bustani pana na hofu ya wezi, nimelisikia likisifiwa kuwa ukarimu. Mimi naliita unyonyaji uliovikwa joho la ubia.

Tuhesabu. Nani hununua chakula? Nani hulipia chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya kupe na ada ya daktari wa mifugo? Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Nani hukesha usiku wa kuzaa, na nani hubeba gharama ikibidi mbwa apasuliwe? Ni mnunuzi. Mla nawe hafi nawe, walisema wahenga. Asiyeshiriki hasara hana haki ya kudai faida.

Wapo watakaojibu kwamba mfugaji analinda mbegu, na kwamba mnunuzi aliridhia. Mbegu hulindwa kwa sharti moja la wazi: mbwa asizalishwe kabla ya kupimwa afya. Ama ridhaa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yataka iwe huru. Asiyeelezwa ukomo wa deni lake ameridhia nini?

Wala Tanga haikosi mfano bora. Katika miaka ya 1980, mradi wa maziwa ulioungwa mkono na Uholanzi uliwakopesha wafugaji wadogo wa mkoa huu mitamba. Mfugaji alirudisha mtamba, deni likaisha, ng'ombe akawa wake. Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Huko pia malipo yalikuwa uzao, lakini yalikuwa na mwisho.

Basi mbwa auzwe moja kwa moja, au akopeshwe kwa maandishi: mtoto mmoja, ndani ya muda uliotajwa, na deni lifutwe mbwa akifa au akiwa tasa pasipo kosa la mlezi. Mfugaji anayeyakataa masharti hayo hatafuti mbia. Anatafuta kibarua wa kumlelea mali yake bila ujira.