ACHENI KUTULISHA MATANGO PORI, CHESI HAIPUNGUZI KITAMBI!

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, nisipolitema nitaumwa. Povu ruksa, ila soma mpaka mwisho kwanza ndio unitukane.

Kuna staa mmoja wa mitandaoni, jina kapuni, wafuasi kibao. Juzi kaposti video kakaa kwenye sofa na ubao wa chesi mbele yake, miwani usoni, anatuambia eti mchezaji wa chesi anaunguza kalori 6000 kwa siku akiwa amekaa tu. Eti ndio maana yeye hakimbii wala haendi gym, anacheza chesi. Na mwisho wa video kopo likatoka. Unga wa kuamsha ubongo, elfu themanini. Nikajua tu, hapa kumbe tupo sokoni.

Vijana wa hapa kwetu Natta wameisambaza hiyo video kwenye magrupu yote. Sasa hivi ukimwambia mtu wa kijiweni anyanyuke walau atembee, anakujibu, "Mzee, mimi hapa kwenye drafti naunguza kalori." Haya ndio madhara yenyewe.

Mimi nimeishia kidato cha nne, sina digrii ya lishe, lakini kujumlisha najua. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama kalori 2000 hadi 2500 kwa siku nzima. Ubongo ni kweli unakula sana, unachukua kama asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliotulia ingawa uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili. Lakini unakula hivyo hivyo hata ukiwa umelala. Ukifikiria kwa bidii kinachoongezeka ni kidogo sana. Sasa hizo 6000 zinatoka wapi? Mama anayelima kwa jembe tangu alfajiri mpaka jua kali hafikishi hizo, sembuse wewe unayesogeza kete kwa vidole viwili!

Watu wanapenda kumtaja Karpov. Sawa, tumtaje vizuri basi. Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza mpambano wa ubingwa wa dunia Moscow mwezi Septemba 1984. Wakacheza miezi mitano, gemu 48, hakuna mshindi, na Februari 1985 viongozi wa mchezo wakausimamisha. Karpov inasemekana alikuwa amepungua kama kilo 10. Staa wetu anaiuza hiyo kama habari njema ya kupunguza mwili. Ndugu yangu, yule mtu alikuwa anateketea! Presha ya mchezo, usingizi hakuna, hamu ya kula imekata, sura imekonda mpaka watu wanamhurumia. Ukiona jirani yako kapungua kilo 10 kwa mawazo, unampongeza au unampeleka hospitali?

Wa pili ninayemsema leo ni mzee wetu mmoja anayejiita mwalimu wa mchezo. Naye jina kapuni, heshima yake naitunza. Yeye kauli yake ni moja: "Huu ni mchezo wa kichwa, miguu waachieni wacheza mpira." Shikamoo mzee wangu, ila hapo umetupoteza.

Desemba 2021 kule Dubai, Magnus Carlsen wa Norway alikuwa anatetea ubingwa wake dhidi ya Ian Nepomniachtchi wa Urusi. Gemu tano za kwanza zote sare. Gemu ya sita ikapigwa hatua 136, saa 7 na dakika 45 kwenye kiti, Carlsen akashinda usiku huo. Baada ya hapo mwenzake akaanza kufanya makosa ambayo watu hawakuyategemea kwa mtu wa kiwango chake. Akapoteza ya nane, ya tisa na ya kumi na moja, mchezo ukaisha 7.5 kwa 3.5. Sisemi ni mwili peke yake uliomwangusha. Nasema Carlsen ni mtu wa mpira na mazoezi miaka yote, na baada ya saa saba zile bado kichwa chake kilikuwa kinasoma ubao. Hata Bobby Fischer alipojiandaa kwa mpambano wa 1972 kule Iceland, kuogelea na tenisi vilikuwa kwenye ratiba yake. Hao wote walikuwa hawajui kwamba ni mchezo wa kichwa?

Na kwa nini niende mbali wakati mfano tunao hapa hapa Mara? Mwalimu Nyerere wa Butiama alikuwa anapenda bao, kila mtu anajua. Bao nalo ni hesabu, hakuna kubahatisha. Mtu huyo huyo, Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Rais mzima! Kichwa cha bao na miguu ya safari vilikuwa kwa mtu mmoja, na hakikuzuia kingine.

Sasa nije kwa hawa wa tatu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mwaka jana nilienda kuangalia bonanza la michezo ya akili la wanafunzi. Sitaji wapi wala nani aliandaa, wenyewe wanajijua. Mabango mazuri, fulana mpya, picha zimepigwa mpaka basi. Watoto kama 60. Wengi walitoka nyumbani gizani, wengine wametembea kwa miguu kuja kupanda gari, tumboni hamna kitu. Wakaanza kucheza saa tatu asubuhi. Chakula chao kikaja saa tisa alasiri: soda moja na maandazi mawili. Upande wa pili wa turubai wageni rasmi wanakula pilau, harufu inawapitia watoto puani.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la sita. Asubuhi aliwafunga wote aliokutana nao, wavulana kwa wasichana, mpaka watu tukahamia meza yake. Ilipofika saa nane akawa anashika kichwa, anasogeza kete bila kuangalia, anapoteza vitu vya bure. Akatolewa. Na mkubwa mmoja pale, kashiba, akasema mbele ya kila mtu, "Mnaona? Watoto wa kike huu mchezo hawauwezi, wanachoka kufikiri."

Hakuchoka kufikiri. ALIKUWA NA NJAA! Tangu jana yake jioni hajala, unategemea nini? Ungemkalisha huyo mkubwa pale bila kula tungeona kama angekumbuka hata jina lake.

Wanaopenda kusema chesi sio mchezo wa watoto wetu, waende Uganda wakaulize. Phiona Mutesi wa Katwe, pale Kampala, alikuwa mtoto wa kama miaka 9, shule ameacha kwa kukosa ada. Alimfuata kaka yake kwenye programu ya Robert Katende, na kilichomvuta kwanza ni kikombe cha uji. Katende mwenyewe alianza na mpira kwa watoto wa mtaani, chesi ikaja kwa wale wasiocheza mpira. Mpira upo, uji upo, chesi ipo, vyote uwanja mmoja. Mwaka 2012 binti yule alipata cheo cha kimataifa cha wanawake kwenye Olimpiadi ya chesi Istanbul. Mwaka 2016 Hollywood wakatoa filamu ya maisha yake, Lupita Nyong'o kacheza kama mama yake. Kumbuka hiyo hadithi ilianzia kwenye uji. Hakuna kopo la elfu themanini mle ndani.

Sasa twende kwenye hesabu ya aibu. Kikombe kimoja cha uji kinataka unga kama gramu 50. Kilo moja inatoa vikombe 20. Watoto 60 ni kilo 3. KILO TATU, wadau! Hela ya fulana moja tu ya wageni rasmi ingetosha na sukari ingebaki.

Kwa hiyo wewe unayecheza chesi, bao au drafti na unataka kushinda, sikiliza ushauri wa bure. Usiku wa kuamkia mechi lala, acha kuchezea simu mpaka saa nane. Asubuhi kunywa uji wa ulezi au wa mtama, tia karanga zilizosagwa au maziwa. Kama una viazi vitamu na yai la kienyeji, wewe ni tajiri. Dagaa wa Ziwa Victoria tunao, mboga za majani tunazo, maziwa ya mgando ndio usiseme. Mezani nenda na maji na ndizi mbivu. Usijaze sahani ya ugali na nyama katikati ya mashindano, utasinzia kabla ya mpinzani wako hajakufunga. Soda moja tu ina sukari kama vijiko nane au tisa vya chai, inakupandisha kidogo halafu inakuacha njiani. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyokunywa mbili mbili vinapeleka moyo mbio wakati mkono unatakiwa utulie.

Mazoezi nayo hayahitaji hela. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa siku tano. Tembea haraka kwenye barabara ya kwenda Mugumu asubuhi, rudi. Endesha baiskeli. Cheza mpira jioni. Na ukiwa kwenye mechi, mpinzani anapofikiria, nyanyuka unyooshe mgongo, sheria hazikatazi.

Kwa wazee wa kijiweni, nawapenda na vizibo vyenu vya soda. Lakini kukaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka giza, sigara kinywani, chakula cha kwanza usiku, hayo sio mafunzo ya akili. Tunawasikia wenzenu wanavyolalamika presha na sukari. Msisubiri zamu.

Staa wetu, endelea na maisha yako ila kopo lako lipeleke kwingine. Mzee mwalimu, waruhusu vijana wako wakimbie. Na nyie wakubwa mnaopenda kutuletea mashindano, mkija tena Natta na mbao zenu za chesi, njooni na sufuria la uji. Bila hilo, rudini na fulana zenu.

Haya, uwanja ni wenu. Mwageni povu hapo chini.