Kitu na Jina Lake: Plagi Inayopwaya

Katika safu hii huwa tunachukua kitu kimoja cha nyumbani, tunakitafutia jina lake la Kiswahili, kisha tunaona kama tunakielewa kweli. Safari hii kitu chenyewe kimetoka nje ya nyumba kidogo: soketi za umeme ndani ya karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo watu wa hapa huivuta nyuma ya gari wanapokwenda kupiga kambi. (Tulijaribu kwanza neno "msafara", tukacheka. Msafara ni watu na mizigo yao wakitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na hauna friji. Tumebaki na karavani.)

Tumelichagua jambo hili kwa sababu lina haraka. Mjomba wa mwanachama mwenzetu ametuazima karavani yake ya zamani kwa safari ya Kiama wakati wa likizo ya katikati ya muhula, na soketi zake hazishiki plagi vizuri. Mjomba alipompigia simu fundi umeme alimwambia kwa Kiingereza kwamba soketi ni "loose". Fundi akamuuliza: loose vipi? Mjomba akatugeukia sisi, wasomi wa lugha.

Kwa kweli Kiswahili kilitusaidia kuliko Kiingereza chetu cha shule, maana pale ambapo Kiingereza kinatosheka na neno moja, sisi tuna matatu, na kila moja ni ubovu wake.

Kupwaya ni kwa kitu kilichoingia ndani ya kingine bila kubana: pete kidoleni, kiatu mguuni, suruali uliyorithi kwa kaka. Plagi inayopwaya huingia bila kusukumwa na hutoka kwa uzito wake yenyewe. Kucheza ni kwa kitu kilichofungwa mahali pake lakini kinatikisika, kama jino au mguu wa meza. Soketi inayocheza husogea yote, na kifuniko chake, ukichomoa plagi. Kulegea ni kwa kitu kilichokazwa kikaachia: kamba, nati, skrubu. Hapa kinacholegea hukioni, kwa kuwa ni waya nyuma ya soketi, pale unaposhikwa na skrubu. Wenzetu wa Bukavu na Goma wanaita soketi "prizi", kutoka Kifaransa, kwa hiyo nusu ya kikao chetu ilikuwa prizi inapwaya, prizi inacheza. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kwa nini karavani hupatwa na mambo haya kuliko nyumba? Nyumba haitikisiki. Karavani huburutwa mamia ya kilomita, na ikiingia barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, kila skrubu ndani yake inatetemeka safari nzima. Ukuta wake si tofali wala zege, ni ubao mwembamba, kwa hiyo skrubu za soketi hazina mahali pa kuuma. Kisha watu huning'iniza chaja nzito kwenye soketi hizo hizo zikicheza barabarani. Ndani ya soketi kuna vibati vya shaba vinavyobana pini za plagi kama springi. Vikizeeka, au vikipata joto jingi, hupoteza nguvu ya kubana. Visipobana, joto huongezeka. Joto likiongezeka, hubana kidogo zaidi ya hapo. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

Mwenzetu anayesoma uhandisi alitupigia hesabu. Birika la wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 10. Tuseme mahali pini inapogusana na kibati pamekuwa na ukinzani wa nusu omu tu kwa sababu ya kupwaya au masizi. Joto linalotokea hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 10 × 10 × 0.5, yaani wati 50, kama pasi ndogo ya kulehemu iliyowashwa ndani ya kijisanduku cha plastiki, nyuma yake ubao, kando ya ubao godoro lenye mtu aliyelala.

Tukauliza, je, swichi za usalama hazitakata? Hapo ndipo tulipokaa sana, kwa sababu wengi wetu tuliamini kwamba zitakata. Karavani za hapa huwa na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, hata uvuje miliampea 30 tu, na ina sakiti breka inayokata mkondo ukizidi kiasi. Lakini soketi inayopwaya haivujishi kitu, wala haizidishi mkondo. Umeme unaoingia ni ule ule unaotoka, na birika linachemka kama kawaida. Walinzi wote wawili wamesimama mlangoni na hawaoni kosa lolote. Kinachoona ni mkono unaogusa plagi na kuikuta ya moto, pua inayonusa plastiki, na sikio linalosikia mchirizo wa cheche. Ukikuta hata kimoja kati ya hivyo, zima umeme wa karavani nzima kwanza, ndipo ushike plagi.

Sasa suala la nani arekebishe. Baba zetu wengi wamebadilisha soketi wenyewe huko Mombasa au Mwanza, Jumamosi asubuhi, kwa bisibisi na tepu, na wamelea watoto wazima. Hapa New South Wales kazi ya nyaya za volti 230 ni ya fundi mwenye leseni, hata kama ni soketi moja, hata kama karavani ni yako. Tunajua wapo wazee wanaoona hii ni njia ya kuwatoa watu pesa. Lakini kuna sababu ambayo duka halikuambii: soketi ya karavani inatakiwa kuwa na kiswichi kinachokata nyaya zote mbili kwa pamoja, na ile soketi ya bei rahisi ya ukutani kwa kawaida hukata mmoja tu. Kwa macho zinafanana. Kupinda pini za plagi kwa koleo ili zibane nako si dawa: zinagusa ncha moja tu ya kibati, na joto linakusanyika papo hapo.

Kuna na mambo ya tupa. Waya mkubwa wa karavani ni wa ampea 15, na pini yake ya ardhi imefanywa pana makusudi ili isiingie kwenye soketi ya nyumbani ya ampea 10. Karavani hii ilikuja kwa mjomba pini hiyo ikiwa imekwishakwanguliwa kwa tupa na mwenyewe wa kwanza. Ameutupa waya ule. Anayetaka kuwasha karavani uani kwake anunue adapta yenye sakiti breka ya ampea 10 ndani yake.

Watakaokuja na chaja za nyumbani, za pini tatu nene za mraba kama za Kenya na Tanzania, tafadhali. Kule tumezoea kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke na plagi ya pini mbili iingie. Kinachofunguliwa kwa kijiti hicho ni ulinzi wenyewe, na plagi hiyo hupwaya tangu siku ya kwanza. Hapa kijiti hakisaidii, ila tumeona adapta za safari zinazobeba plagi ya Kenya juu ya pini nyembamba za Australia, zikaning'inia kama embe bovu. Leteni chaja ya hapa.

Na msidharau volti 12. Upande huo leseni haihitajiki, nasi tumeushughulikia wenyewe. Friji ndogo ya wati 60 huvuta robo ampea kwenye volti 230, lakini huvuta ampea 5 nzima kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo plagi ya mtindo wa kiwasha sigara ikipwaya, friji inazimika au plagi inayeyuka. Tumeweka plagi ya Anderson, ambayo vipande vyake hubanana vyenyewe.

Fundi alikuja Jumamosi. Tulimweleza kwa Kiingereza kirefu: moja inapwaya, moja inacheza, ya tatu hatujui ila hupata moto. Ya tatu ndiyo aliyoifungua kwanza. Waya ulikuwa umelegea na ngozi yake imegeuka rangi ya kahawia. Amebadilisha zote tatu na kutoa cheti. Tumekubaliana chai ipikwe kwa gesi hata hivyo, kwa hiyo mwenye birika la kuweka jikoni alilete mkutano wa Alhamisi.