AKIBA YA MVUVI NAYO NI AKIBA

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini kwa jinsi sheria ya kodi ya mapato ilivyo Tanzania Bara, akiba ya uzeeni hupimwa kwa mizani miwili, na jambo hili twaona lapasa kusemwa waziwazi.

Tumtazame kwanza mwajiriwa wa kampuni binafsi katika mitambo ya gesi ya Songo Songo au Msimbati. Tuseme mshahara wake ni shilingi 500,000 kwa mwezi, na mchango wake katika Mfuko wa NSSF ni asilimia 10, yaani shilingi 50,000. Kodi huhesabiwa juu ya 450,000 zilizobaki. Kwa kuwa 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, na zinazofuata hutozwa asilimia 8, hulipa shilingi 14,400. Bila ya nafuu hiyo angelipa 18,400. Hesabu yote hufanywa na mwajiri. Naye asiye na pato jingine la kutozwa hana haja ya kujaza ritani.

Sasa tumtazame jirani yake, mvuvi mwenye mashua. Tangu mageuzi ya mwaka 2018, NSSF ndiyo yenye dhamana ya kuwaandikisha waliojiajiri, na mvuvi huyu amehimizwa achangie kwa hiari. Lakini mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kodi kwa mauzo yake ya mwaka. Kila shilingi aliyoiweka kwa ajili ya uzee haimpunguzii kodi hata senti moja.

Akiweka fedha benki, asilimia 10 ya riba hukatwa hapo hapo, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Katika riba ya shilingi 100,000 hukatwa 10,000, mwenye akaunti awe tajiri, au awe bibi kizee wa Ufukoni ambaye pato lake halifikii kiwango cha kutozwa kodi.

Hatusemi kwamba kodi isilipwe. Twakiri pia kwamba kukata riba benki kumewaepusha watu wa visiwani na safari ya kuvuka bahari kwa ajili ya kujaza karatasi. Lakini wepesi wa kukusanya usiwe sababu ya kumwonea mnyonge.

Kwa hiyo twaiomba Serikali itafakari mambo mawili: kwanza, mchango wa hiari uliothibitishwa na Mfuko upunguze kodi ya aliyejiajiri, pili, mwekaji mdogo apewe njia rahisi ya kurudishiwa kodi ya riba.

Nanyi wananchi wenzetu, msilale. Mwajiriwa na aisome hati yake ya mshahara, kisha aulize NSSF iwapo makato yamefika. Aliyejiajiri na atunze stakabadhi zake. Maofisa wa mapato na wa Mfuko nao wafunge safari hadi madiko ya samaki, wayaeleze haya kwa Kiswahili chepesi, kwani atozwaye kodi ana haki ya kuijua hesabu yake.