Njaa nyingine ni ya kazi, siyo ya tumbo

Wiki mbili zilizopita mama yangu mdogo alinipigia simu usiku. Nilimwamkia, lakini badala ya kuitikia alisema, "Mwanangu, nimeharibu."

Yeye ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, huku kwetu Tabora. Ana kisukari na shinikizo la damu, na amepangiwa upasuaji wa kupunguza uzito Dar es Salaam. Kabla ya upasuaji alipewa mlo maalumu wa wiki mbili. Siku ya tano ikaangukia siku ya soko. Wakulima wanalalamikia madaraja, hesabu hazilingani na mizani, simu hazikomi. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa ameshamaliza chapati tatu na soda. Kwa aibu, hakumwambia mtu.

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ianze kutoa huduma hii, wasomaji huniuliza gharama na maumivu. Wiki zile za kabla ya upasuaji hawaziulizii, na ndizo zinazomtesa mtu mwenye kazi ya presha.

Tuelewe kwanza mlo huo ni wa nini. Siyo adhabu. Ini limelala juu ya tumbo la chakula, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi huwa limejaa mafuta na kutanuka. Daktari anayepasua kwa matundu madogo lazima alinyanyue ndipo afike anapopataka. Ukipunguza wanga, sukari na mafuta kwa wiki mbili hadi nne, ini hunywea na upasuaji huwa salama zaidi. Likibaki kubwa, upasuaji unaweza kuahirishwa. Kutoka Tabora hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 800, umerudi mikono mitupu.

Sasa kazi inaingiaje? Ukiwa na msongo, mwili hutoa homoni ya kotisoli, ambayo kwa watu wengi huamsha hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Usipolala vya kutosha, hamu huzidi. Kwa hiyo njaa ya saa nne mezani kwa bosi mara nyingi haitoki tumboni. Mama mdogo hakukosa nia. Alikosa mpango.

Mpango wenyewe ni huu.

Kwanza, tazama kalenda ya kazi kabla ya kukubali tarehe. Kama unajua msimu wa soko, mitihani au kufunga hesabu unakuja, waambie madaktari mapema.

Pili, beba chakula chako na ule kwa saa, hata kama kikao hakijaisha. Yai la kuchemsha, maharage, mboga, samaki wa kuchoma au mtindi usio na sukari, kulingana na ulichoandikiwa. Na sisi watu wa Tabora tukubaliane jambo moja: asali ni sukari. Kijiko kwenye chai kinahesabika.

Tatu, hamu ikikushika, nyanyuka. Kunywa maji, zunguka nje dakika kumi, kisha jiulize kama bado una njaa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa na misafara ya Ujiji na Bagamoyo walibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, lakini waliondoka alfajiri na mara nyingi walitua mzigo kabla jua halijawa kali. Nawe fanya kazi nzito asubuhi, kisha utue.

Nne, mwambie mtu mmoja kazini. Huna haja ya kutangaza. Inatosha awepo wa kukupokea zamu au kukuondolea sahani ya maandazi mbele yako.

Tano, kwa mwenye kisukari: dawa zisibaki vilevile bila daktari kujua kwamba umepunguza kula, na usiziache mwenyewe. Ukitetemeka, ukatoka jasho na kupata kizunguzungu, huenda sukari imeshuka. Hapo kunywa kitu chenye sukari mara moja, kisha piga simu hospitali. Huko siyo kuvunja mlo.

Nanyi wa nyumbani, acheni ile kauli ya "kipande kimoja tu hakiui". Baba anaweza kusimamia chakula cha watoto jioni ili mama asionje kila sufuria. Watoto wakubwa waelezwe ukweli, nao watasaidia.

Na ukiteleza, sema. Nilimsihi mama mdogo awapigie simu wahudumu wake asubuhi yake. Hawakumfokea. Walimuuliza alichokula, wakapima sukari, wakamwambia aendelee na mlo uliofuata bila kujinyima zaidi. Walimuuliza pia analala saa ngapi, swali ambalo sisi ndugu hatukuwahi kumuuliza.

Juzi nilimpitia ofisini. Foleni ilikuwa ndefu, na pembeni ya daftari la mizani alikuwa na chupa ya maji na kibakuli chenye mfuniko. Saa nne ilipofika akawaambia wakulima, "Naombeni dakika kumi, wanangu." Walimngoja.